Banda la Kudumu

Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa misumari. Wengine wote waliosimama pale kwa seremala walikuwa wakitazama rangi, maana lile banda la kuku lilipakwa kijani, na pembe zake manjano, likang'aa kama peremende. Yeye aliinama akachungulia kwa ndani, akaona wavu umepigiliwa upande wa ndani wa fremu. Kwa nje hukuona hata kichwa kimoja cha msumari, na ilipendeza hasa. Lakini mnyama akija akausukuma wavu wa namna ile kwa kichwa, fremu haimzuii. Anashindana na misumari tu, na misumari mifupi kama ile hutoka mmoja baada ya mwingine kama vifungo vya shati kuukuu.

Hakusema kitu. Kusema hakukuwa kazi yake. Nyumbani walimwita Kimya tangu utotoni, na jina likamkaa mpaka mama wa dukani aliyekuwa akichukua mayai yake hakujua kama analo lingine. Alirudi hatua mbili, akasimama mgongoni kwa kaka yake.

"Hili, mzee wangu," seremala alikuwa akisema, "ukiliweka uani, majirani watadhani umeongeza nyumba ndogo." Alicheka peke yake. "Lina miguu, maji hayapandi. Lina kidirisha cha kutolea mayai. Kuku kumi wanalala humu kama wako hotelini."

Kaka yake aligonga ubao kwa vidole, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua mbao. Alikuwa msimamizi wa ghala, mtu wa shati safi na sauti ya chini, na kazini walimpenda kwa sababu hajawahi kumfokea mtu. Aligonga tena, halafu akageuka.

"Wewe unaonaje?"

Kimya alitazama nyuma yake aone nani anaulizwa. Nyuma kulikuwa na rundo la mbao tu.

"Mimi?"

"Si wewe ndiye mwenye kuku? Mimi nitaonea wapi?"

Jibu la kwanza aliliambia maranda yaliyokuwa chini ya miguu yake. Alisema wavu umepigiliwa ndani. La pili alilisema ameinua macho kidogo: plaiwudi hii ikilowa inavimba, ikivimba inaachia, na rangi imepakwa nene ili mtu asiione. Alikandamiza pembe kwa dole gumba na ubao ukabonyea. La tatu hakujua hata lilitokea wapi, alijikuta amechutama, mkono uko chini ya mlango.

"Hapa pana nafasi ya vidole viwili. Kicheche hahitaji zaidi. Akishapitisha kichwa kapitisha na mwili."

"Dada," seremala akamwambia, "unanunua banda au unaposa?"

"Na fito ya kulalia ni nyembamba. Kuku akilala lazima afunike vidole vyake kwa manyoya, sasa hapa atakuwa ananing'inia usiku kucha."

"Kumbe unataka jela. Hapa umekosea mlango, nenda ukaulize kwa wachomelea vyuma."

Kaka yake alicheka, si sana, kisha akamtazama dada yake kwa namna ambayo yeye hakuikumbuka tangu wakiwa watoto. "Mtaalamu kasema," alimwambia seremala. "Acha tukajenge la matofali. Kama ni kujenga, tujenge kitu cha kudumu."

Kama angelikubali lile la kijani siku ile, yasingemfika yaliyomfika. Ndani ya banda lile mtu mzima hawezi kukaa hata akijikunja mara tatu. Lakini nani angewaza hivyo, amesimama kwenye maranda, anasikilizwa kwa mara ya kwanza, na watu wazima wawili wananyamaza ili amalize?

Kuku wenyewe walikuwa mitetea tisa na jogoo mmoja, ambaye kaka yake alimpa jina la Mwenyekiti kwa sababu anaongea sana na hatagi. Wote walitokana na mitetea miwili aliyoiacha mama yao. Walilala nyuma ya jiko, kwenye kibanda cha vipande vya bati na mlango wa kabati la zamani, na ndani ya mwezi mmoja kicheche alikuwa amechukua watatu. Wifi yake, mke wa kaka, alikuwa amesema mara moja tu, akiosha baraza: "Wifi, hawa kuku ama wapate banda ama waingie sufuriani. Mimi nimechoka kukanyaga mavi."

Nyumba ilikuwa na sebule na vyumba viwili vya kulala. Kimoja cha kaka, mkewe na binti yao mdogo. Cha pili cha Kimya. Kabla ya hapo kilikuwa chake na mama, kitanda kwa kitanda, miaka minne ambayo mama alikuwa halali wala haketi bila kushikwa. Kimya alikuwa darasa la tano mama alipoanguka. Kaka yake alikuwa sekondari, karibu na mitihani. Walisema Kimya akae nyumbani kwa muda tu. Mama alipokufa, wenzake wa darasa la tano walikuwa na ndevu, na hakuna aliyetaja tena habari ya kurudi. Chumba ndicho kilichobaki mkononi mwake. Kilikuwa na dirisha la upande wa asubuhi, na ukutani, usawa wa kitanda, pale mama alipokuwa akigusa akitaka kuinuliwa, rangi ilikuwa imeisha ikaacha alama ya kiganja.

Sasa mdogo wake wifi alikuwa amepata nafasi chuoni, na chuo hakikuwa mbali na nyumba ile. Baada ya miezi mitatu angekuja kukaa nao.

"Mtabanana," wifi alisema. "Mtu na dada yake. Tukitoa kabati vitanda viwili vinaingia."

Wifi alipotoka, Kimya alipima chumba kwa mpini wa ufagio. Vitanda viwili viliingia, ila mlango haukufunguka. Alipima tena kwa upande mwingine, mlango ukafunguka lakini dirisha likazibwa. Tangu siku hiyo alikuwa akiamka na kile chumba moyoni kama mtu anayeamka na jino bovu. Alijua mtu mmoja kati yao atazidi. Hakujua ataambiwa lini, wala kwa maneno gani, na aliposikia wanazungumza sebuleni alikuwa akipunguza mwendo mlangoni.

Ndiyo maana Jumapili ile, kaka yake alipomwita mezani mchana, alijua siku imefika. Akaingia, akamkuta kaka ameketi na daftari na kalamu, wifi anamimina chai.

"Kaa, mtaalamu," kaka alisema. "Tuanze na msingi."

Ilimchukua muda kuelewa kwamba ni habari ya banda. Alipoelewa, pumzi ilimtoka kama maji.

"Mawe," alisema. "Uchimbwe mpaka hapa." Akagusa goti lake. "Kicheche anachimba. Na panya."

"Mawe. Goti." Kaka aliandika. "Sakafu?"

"Simenti. Lakini iinamie mlangoni kidogo, ukimwaga maji yatoke yenyewe, usiwe unayafukuza na ufagio."

"Iinamie. Kuta?"

"Matofali, na ndani zipigwe plasta laini, halafu chokaa. Utitiri unajificha kwenye nyufa. Pakiwa laini na peupe, hauna pa kukaa."

"Kumbe wifi unajua kuongea," wifi alisema, akamwekea kikombe mbele yake. Chai ilikuwa na maziwa, na sukari ilikuwa imeshakorogwa. Miaka mitano ya kukaa nyumba moja, ilikuwa mara ya kwanza kikombe kitoke mkononi mwa wifi kije kwake. Siku zote kilikwenda kinyume.

Alikunywa, akapata nguvu. Akasema matundu ya hewa yawe juu, chini ya bati, kwa sababu upepo ukimpiga kuku akiwa amelala anapata mafua. Akasema mlango usielekee mvua inakotokea. Akasema pawe na dirisha, kuku hutaga vizuri pakiwa na mwanga. Kaka aliandika yote, neno kwa neno, na alipotaka ukubwa Kimya alisimama akapiga hatua sebuleni, nne kwa tatu, kutoka kwenye kiti mpaka kwenye redio.

"Si kubwa mno kwa kuku kumi?" wifi akauliza, lakini aliuliza huku akimtazama mumewe.

"Kuku wanazaana," kaka alisema. "Au nakosea?"

"Wanazaana," Kimya akasema, akafurahi kwamba ametetewa.

Akaendelea bila kuulizwa. Akaeleza fito za kulalia, ziwe nene kama kifundo cha mkono na kingo zake zipigwe randa zisiwaumize miguu. Akaeleza viota, viwe na giza, viwe chini ya fito lakini si moja kwa moja chini yake, vinginevyo mayai yatachafuka. Alikuwa katikati ya viota alipoona kalamu imelala mezani na daftari limefungwa. Alidhani kaka amechoka. Alidhani yale ya mwisho atayakumbuka tu.

Fundi mwashi aliyekuja aliitwa Fundi Kesho. Hakuitwa hivyo kwa uvivu, maana alifika kila asubuhi kabla ya jua kupanda, akatundika kiredio chake kwenye msumari na kuanza. Ila kila jioni, akinawa mikono, alisema, "Kesho namaliza," na alisema hivyo kwa wiki tatu.

Kimya alimletea maji, akamsogezea matofali, akasimama pembeni kutazama msingi ukitoka ardhini. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa na mahali pa kuiweka. Akiwa anapepeta mchele aliwaza matundu ya hewa. Akifua aliwaza mteremko wa sakafu, kama umezidi au umepungua. Mchana mmoja alimwambia Fundi Kesho kwamba tofali la tatu upande wa mlango halijakaa sawa. Fundi akaweka pima maji, akalitoa.

"Wewe ungekuwa mwanamume ungenikosesha kazi," alimwambia.

Kuta zilipita kiuno, zikapita kifua. Zilipofika usoni mwake Kimya alizitazama, hakuuliza. Kuku hahitaji ukuta wa kumzidi mtu. Kaka alirudi kutoka kazini akamkuta hapo.

"Nimemwambia aongeze," kaka alisema. "Utakuwa unaingia humu kufagia kila siku. Ukiinama kila siku mgongo utakwisha ungali kijana."

Macho yakamlowa, akageuza uso. Miaka minne alimwinua mama kwa mgongo ule ule, na hakuna mtu aliyewahi kuutaja.

Dirisha nalo lilikuja kubwa, la kufungua na kufunga. Kaka alisema si mwenyewe ulitaka mwanga. Kweli alitaka mwanga. Mlango ulikuja na kitasa cha ufunguo. Kaka alisema siku hizi wezi wa kuku ni wengi kuliko vicheche, na hilo nalo lilikuwa kweli. Kila ukweli wa kaka ulikaa peke yake vizuri, kama tofali, na Kimya hakutaka kusimama mbali kidogo aone umekuwa ukuta gani. Kaka yake alikuwa mtu wa kukufikisha mahali, ukafika, ukadhani umekwenda kwa miguu yako.

Wiki ya tatu, asubuhi, alimpelekea fundi maji ya kunywa akamkuta ameshika kiboksi cha swichi na nyaya zinaning'inia kama mikia.

"Afadhali umekuja," Fundi Kesho alisema. "Swichi nikuwekee wapi, kichwani au miguuni?"

"Kichwani kwa nani?"

"Kwako. Kitanda si kitakaa hivi?" Akachora hewani kwa mwiko wake. "Ukiweka miguuni utakuwa unaamka kila siku kuzima taa. Mimi kwangu niliweka miguuni, na mke wangu hajanisamehe mpaka leo."

Kimya alisimama na jagi mkononi. Kiredio kilikuwa kinasoma habari za hali ya hewa. Akatazama kuta zilizomzidi kimo, dirisha, kitasa. Akaikumbuka kalamu, ilivyolala mezani alipofika kwenye fito na viota, kwa sababu mtu hatagi wala halali juu ya fito. Kila kitu kilikuwa kimetajwa mapema, tena kwa mdomo wake mwenyewe.

Fundi alimwona uso ulivyobadilika, akashusha mwiko. "Kwani hawajakwambia? Mimi kaka yako aliniambia ni chumba cha mdogo wake, na mwenyewe ndiye aliyechagua kila kitu. Nikasema ndiyo maana anafuatilia hivi."

Kuwa wa mwisho kujua, nyumbani kwako, tena uambiwe na fundi. Aibu hiyo ilimfika kabla ya uchungu.

"Wameniambia," alisema. "Weka kichwani."

Walimwambia siku tatu baadaye, baada ya chakula cha mchana. Kaka alianza kwa kusema wamekuwa wakifikiria. Alisema mtu mzima anahitaji mlango wake, aingie na kutoka bila kuulizwa. Alisema kwa bahati nzuri lile banda limetoka zuri kuliko walivyotarajia, mpaka ni dhambi kuweka kuku.

"Limetoka zuri," wifi aliunga mkono. "Mimi mwenyewe nimeingia jana, nikasema humu mtu analala. Na ni kwa muda tu, wifi. Mdogo wangu akimaliza chuo, unarudi ndani."

Kwa muda tu. Kimya aliyatazama maneno yale yakitua mezani kati ya sahani, akayajua. Yalikuwa yale yale ya darasa la tano, hata nguo hayakubadili.

Wote wawili walikuwa wanamngoja. Kaka alikuwa amekunja kitambaa cha mkono mara nyingi, kimekuwa kidogo kama kiberiti. Angelia, wangembembeleza. Angekataa, wangeshangaa, kwa sababu angekuwa anakataa kitu alichokichora mwenyewe kwa hatua zake, kutoka kwenye kiti mpaka kwenye redio.

"Na kuku?" aliuliza.

"Kuku tumeshawapatia," kaka alisema haraka, kama mtu aliyeulizwa swali analolijua. "Lile la kijani. Linaletwa kesho."

"Lile wavu wake..."

"Utalirekebisha, mtaalamu. Tuna wasiwasi gani sisi, tukiwa na wewe?"

Lilikuja juu ya mkokoteni, limefungwa kamba, na seremala mwenyewe anatembea ubavuni akilishika lisianguke. Alipomwona Kimya uani, uso ukamchangamka.

"Dada wa jela. Nilijua utarudi kwangu. Sasa nionyeshe, hiyo jela yenyewe iko wapi?"

Kimya alimwonyesha kwa kidevu. Seremala alitazama ile nyumba ya matofali, dirisha lenye pazia ambalo wifi alikuwa ameshalitundika, na kitanda kilichosimamishwa ukutani kikisubiri kuingizwa. Alitazama kitanda, akamtazama Kimya, akatazama lile banda lake la kijani. Hakutania tena. Akafungua kamba taratibu.

"Nikopeshe koleo na nyundo," Kimya alisema.

Alikaa chini akaanza kung'oa misumari. Seremala alipaswa kuondoka na mkokoteni wake, lakini alibaki amesimama, akiangalia wavu ukitoka ndani ukija kupigiliwa nje, ukivutwa mpaka ukalia kama uzi wa zeze. Baada ya muda aliingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa misumari mirefu zaidi, akaiweka juu ya kipande cha gazeti karibu na goti la Kimya.

"Nani amekufundisha?"

"Kicheche."

Alipigilia mpaka mchana ukaisha. Pengo la chini ya mlango aliliziba kwa kipande cha bati. Fito ile nyembamba aliitoa, akaweka mpini wa jembe la zamani. Plaiwudi hakuwa na la kuifanya. Aliifunika kwa mfuko wa plastiki, akijua ni mvua moja tu, labda mbili.

Siku aliyohamia, alizunguka chumba chake kipya akitafuta kasoro. Alitaka moja tu, ili apate kitu cha kukichukia. Alipitisha kiganja kwenye plasta, hakuna ufa. Alisimama chini ya matundu ya hewa, upepo ulipita juu ya kichwa kama alivyotaka. Msingi ulikuwa mkavu, mlango uliipa mvua kisogo. Kila alipogusa alikuta mawazo yake mwenyewe, yamekauka yakawa magumu. Kasoro ilikuwa sakafu peke yake, na hiyo pia aliichagua: ilikuwa imeinamia mlangoni, ili ukimwaga maji mavi yatoke. Kibonge cha uzi kilipomponyoka kiliviringika mpaka kizingitini. Asubuhi aliamka ameteleza, miguu inagusa ubao wa chini wa kitanda. Akaweka vipande vya tofali chini ya miguu miwili ya kitanda, kikakaa sawa.

Mvua ilipokuja, kuku wawili walikufa kwa mafua. Mwenyekiti alipona. Kimya aliwafukia wale wawili nyuma ya jiko, akanawa, akaingia kupika.

Wageni walifika Jumamosi: mama yake wifi, mjomba wake wifi, na yule binti wa chuo mwenye masanduku mawili na adabu nyingi. Binti alimfuata Kimya jikoni, akamshika mikono yote miwili.

"Dada, asante sana. Wameniambia umejitolea chumba chako kwa ajili yangu. Mimi ningekuwa wewe nisingeweza."

Alikuwa anasema kweli, ilionekana machoni, na kwa hiyo haikuwezekana hata kumchukia yeye. Kimya alimwambia karibu, akachukua sanduku moja akaliingiza chumbani. Ule ukuta wa alama ya kiganja ulikuwa umeshapakwa rangi mpya.

Baada ya kula, kaka aliwatembeza wageni uani. Kimya alikuwa anaosha vyombo karibu na bomba, akawasikia wanakuja, viatu vya mjomba vikikwaruza kokoto. Kaka alifungua mlango wa chumba cha Kimya bila kubisha. Akawasha taa, ingawa jua lilikuwa bado kali.

"Tazameni plasta hiyo. Tazameni msingi, unafika magotini. Nyumba nzima hii haina chumba imara kama hiki."

"Hata mimi ningekaa humu, mwanangu," mama yake wifi alisema, akibonyeza kitanda. "Hewa nzuri. Pasafi. Wengine kwa dada zao hata kona hawatoi."

"Na mimi sikufanya kitu," kaka alisema. "Mimi nilikuwa karani tu. Mchoraji ni huyu hapa." Akamwita kwa mkono aje. Kimya alikuja na mikono yenye povu, akasimama nje ya kizingiti, kwa sababu ndani walikuwa wamejaa. "Ana haya, lakini ana akili, ninyi hamjui tu. Mdogo wangu, waambie wageni. Nani alichagua kila kitu humu?"

"Mimi," alisema.

Wakacheka kwa upole, mjomba akapiga makofi mawili. Walidhani ameishia hapo, maana siku zote huishia hapo, na wifi alikuwa ameshaanza kuwaelekeza warudi sebuleni kwenye chai. Lakini Kimya hakutoka mlangoni, nao wasingeweza kupita bila yeye kusogea. Povu lilikuwa linamdondoka vidoleni, linafuata mteremko. Kaka alimtazama, tabasamu bado liko usoni, halijajua liende wapi.

"Ungeniambia tu nihame, kaka, ningehama," alisema, na sauti ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayeagiza chumvi. "Chumba mlikuwa mnakitaka, mngesema. Ningebeba kitanda siku hiyo hiyo, ningelala hata jikoni, nisiwe na kinyongo na mtu. Lakini wewe uliniuliza. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi kitu akangoja nimjibu. Hata shule hamkuniuliza. Ukaniuliza, nikafurahi, kaka. Wiki tatu nilikuwa naamka nafurahi. Chumba nimekusamehe. Ile furaha sijakusamehe, na sidhani kama nitaweza."